Chumba kimoja kimeungua, vingine vimelowa: nipige lipu sasa, nisubiri ikauke, au nivunje ukuta?

Mama Neema wa Tabata

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri wa wanaolijua jambo hili. Moto ulianzia darini juu ya chumba cha watoto, hitilafu ya umeme. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Majirani walipiga 114, Zimamoto wakauzima kabla haujavuka kuingia sebuleni.

Hali ilivyo: chumba cha watoto kimeteketea, dari imeanguka yote, kenchi kadhaa ni nyeusi. Sebule na chumba chetu havikuungua ila vimelowa chapachapa, jipsamu imevimba na kuning'inia, masizi yameingia mpaka ndani ya makabati. Nyumba ni ya tofali za saruji, sakafu ya vigae, juu bati.

Mafundi waliokuja kila mmoja ana lake. Wa kwanza anasema tubandue lipu ya chumba kilichoungua, tupige mpya wiki hii hii, tupake rangi nyumba nzima turudi ndani. Wa pili anataka tuoshe tu, tuache nyumba ikauke kwanza, hata ikichukua miezi. Wa tatu anasema kuta za chumba kile zivunjwe zote, eti tofali likishapitiwa na moto limekufa.

Na dari nirudishie nini: jipsamu, PVC au ubao? Kwa sasa tumejihifadhi kwa wifi yangu, watoto wanakaribia kufungua shule.

Fundi Songea

Pole sana mama. Nitaanza na huyo wa tatu, maana ndiye atakayekumalizia hela. Tofali la saruji halifi kwa kuguswa na moto. Kinachoamua ni joto lilifika wapi na lilikaa muda gani. Bandua lipu uangalie tofali lenyewe na linta (boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha). Saruji ikipita nyuzi 300 hivi huanza kugeuka rangi ya waridi, ingawa inategemea na mchanga na kokoto zilizotumika. Ikizidi sana inakuwa ya kijivu cheupe, inafikichika kwa kidole. Chukua nyundo ndogo, gonga taratibu ukuta mzima. Penye mlio mkavu, mkali, pako salama. Penye mlio mzito wa uwazi, pameachana.

Kama linta imemeguka mpaka nondo zinaonekana, usimsikilize fundi yeyote, nikiwemo mimi. Muite mhandisi wa majengo kabla hujaweka uzito wowote juu yake. Lakini kama ni masizi na lipu iliyopasuka tu, kuta hizo zinabaki.

Kenchi: kwangua mkaa wote mpaka ufike kwenye ubao mzima, kisha pima ubao uliobaki. Ukiwa umepungua kidogo unapigilia mwingine ubavuni mwake. Ukiwa umeliwa sana unabadilishwa. Bati lililobadilika rangi usilirudishe, ile zinki imeshaungua, kutu itaanza masika yajayo.

Kuhusu lipu namuunga mkono wa kwanza. Lipu ya chumba kile itoke sasa. Familia haiwezi kukaa kwa watu miezi.

Mhandisi Chanika

Fundi Songea umesema vizuri, ila mwisho umeunganisha kazi mbili ambazo hazipaswi kwenda pamoja. Kubandua lipu na kupiga lipu mpya ni mambo mawili tofauti. Kubandua, ndiyo, leo kama inawezekana, kwa sababu ukuta ulio wazi unakauka upesi zaidi. Kupiga mpya juu ya tofali lililonyweshwa maji ya mpira wa Zimamoto, hapana.

Mama Neema, moto kwenye nyumba yako umeshamaliza kazi yake. Maji bado yanaendelea. Tofali la saruji lina vinyweleo, linafyonza kwa saa chache na kutoa kwa wiki nyingi. Kwa makadirio ya mafundi wa nchi nyingi, ukuta hukauka kama sentimita 2.5 za unene kwa mwezi, na huo ni ukuta unaopata hewa. Ukiufunga kwa lipu, puti na rangi ya mafuta, maji yatatafuta njia yakiwa yamebeba chumvi iliyo ndani ya saruji. Utaona unga mweupe, kisha rangi inajaa malengelenge, kisha lipu inaachia. Hapo utalipia kazi ileile mara ya pili.

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji mashine. Kata nailoni nzito kama nusu mita kila upande, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne isipitishe hewa, iache usiku kucha mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Rudia sehemu kadhaa, hasa chini karibu na sakafu na nyuma ya makabati. Unga mweupe ukitokea, upanguse kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani.

Mama Neema wa Tabata

Ahsanteni. Kwa hiyo tubandue sasa, lipu baadaye. Je, hivi vyumba vilivyolowa tu bila kuungua? Na masizi? Dada wa kazi alijaribu kufuta kwa kitambaa cha maji, yamezidi kuenea.

Mswahili wa Houston

Naandika kutoka Texas. Baada ya kimbunga Harvey, Agosti 2017, nilifanya kazi na kampuni ya kukausha nyumba, kwa hiyo masizi na maji nayafahamu.

Masizi yana mafuta ndani yake, ndiyo maana maji matupu yanayasukuma ndani ya rangi. Anza kikavu. Fungua madirisha, vaa barakoa na glavu, vuta kwa mashine ya kufyonza vumbi au pangusa kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini. Masizi makavu yakishatoka ndipo uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kali ya kukata mafuta. Wakati wa kuosha anzia chini ukipanda juu, kisha suuza. Ukianzia juu, michirizi ya maji machafu inashuka kwenye ukuta mkavu na kuacha alama ambazo hazitoki.

Baada ya hapo usikimbilie rangi ya maji. Harufu ya moshi na madoa ya njano hupenya rangi ya maji hata ukipaka mikono mingi. Inatakiwa praima (rangi ya msingi) ya mafuta au ya shelaki kwanza, ndiyo inayofungia doa na harufu. Lakini kama alivyosema mhandisi, praima ya mafuta kwenye ukuta mbichi ni kosa, kwa hiyo hata hapa kukauka kunatangulia.

Tahadhari moja. Video nyingi za huku zinaonyesha watu wakikata ukuta kwa kisu siku ya pili na kuutupa nje. Kuta za huku ni fremu za mbao na bodi za jipsamu, zinakatwa na kubadilishwa. Hilo litumie kwenye dari yako tu, ukuta wa tofali una njia yake.

Fangasi huanza ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye kitu kilicholowa. Kwa hiyo jipsamu yote iliyovimba, hata ya sebuleni, shusha leo. Magodoro, makapeti, sofa zilizonyonya maji ya masizi, toa nje. Sogeza makabati mbali na ukuta.

Mama Kigogo

Pole dada yangu. Niongeze jambo kwa wengine watakaosoma hapa, maana maji hayafanani. Ya mpira wa Zimamoto ni mchezo ukilinganisha na ya mto Msimbazi. Sisi wa bondeni tangu mafuriko ya Desemba 2011 tumejifunza kwamba maji ya mto yanakuja na vyoo vya watu wote wa juu.

Tope litolewe likiwa bado bichi, likikauka unalichonga kwa sururu. Osha kwa sabuni kwanza, kisha dawa ya klorini kama Jik, mililita 240 hivi kwa ndoo ya lita 20, kwenye sakafu na vigae. Juu ya tope haifanyi kazi. Na tafadhalini, Jik isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia, hewa yake inaua. Godoro lililoingiwa na maji ya mafuriko halina kukausha. Najua linauma, godoro ni pesa, lakini mtoto halali juu yake tena. Kisima kama kimefunikwa na maji, kisinywewe mpaka kitiwe dawa.

Fundi Umeme Mbagala

Naona umeme umesahaulika, na ndio ulioanzisha. Mama, msiwashe hata taa moja. Waya za kawaida za nyumba zimefunikwa kwa plastiki ya PVC iliyotengenezwa kuhimili joto la nyuzi 70 tu. Waya zilizopita juu ya dari ile zote zibadilishwe, hata zinazoonekana nzima, kwa sababu ndani plastiki imeshalainika. Kwenye vyumba vilivyolowa, maji yamekaa ndani ya mapaipu na maboksi ya soketi. Fungueni vifuniko vyote yakauke, kisha mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime waya kwa mega (kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenye waya) kabla TANESCO hawajarudisha umeme. Swichi na breka zilizoingia maji zisikaushwe juani na kurudishwa. Zibadilishwe.

Mkirudishia, wekeni kifaa cha kukata umeme unapovuja, na wekeni waya wa ardhi wa kweli. Feni, friji na pasi visitoke kwenye soketi moja ya kurefusha.

Bin Makame, Unguja

Assalam alaykum. Nimesoma hapo juu ushauri wa saruji, nataka kuwatahadharisha wenye nyumba za zamani kama zetu za Mji Mkongwe. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa si ukuta wa tofali. Ni mnene, unavuta maji na kuyatoa kila msimu, na chokaa ndiyo inayouruhusu kupumua. Mtu akipata uvujaji wa paa akapiga lipu ya saruji ili kuzuia, maji yanabaki ndani, jiwe linaoza, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza nalo. Kwa nje pazuri, ndani panaliwa. Beit el-Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 sote tuliona jengo kubwa linavyoweza kuanguka.

Kwa nyumba hizi jibu ni moja: ziba paa kwanza, acha ukuta ukauke msimu mzima wa kiangazi, kisha chokaa kwa chokaa. Na ndani ya Mji Mkongwe utahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi kabla hujagusa.

Fundi Songea

Mhandisi nimekuelewa, na nakubali kutenganisha kubandua na kupiga. Sasa niseme kuhusu dari, maana mama aliuliza na hatujamjibu.

Jipsamu: karibu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Moto ukija, maji hayo yanageuka mvuke na kuchelewesha joto kupanda kwenye kenchi. Ubaya wake umeshauona, bati likivuja inavimba na kuanguka.

PVC: maji haiyajali kabisa, inaoshwa kwa kitambaa. Lakini ikipata moto inayeyuka, na moshi wake una gesi ya kloridi ya hidrojeni inayochoma mapafu, na ikikutana na unyevu inakuwa asidi inayokula vyuma na vifaa vya umeme. Chumba cha kulala watoto siipendi.

Ubao: mzuri kwa macho, unavumilia unyevu kuliko jipsamu ya kawaida, lakini ni kuni juu ya vichwa vyenu.

Kuna pia bodi za saruji na nyuzi, nzito na ngumu kukata, ila hazijali maji wala moto. Kwa pesa ya kawaida mimi ningeweka jipsamu vyumbani na sebuleni, PVC bafuni tu. Bati likaguliwe misumari yote kabla ya dari kurudi.

Mkadiriaji

Swali: nyumba ina bima? Hata kama ni ile iliyounganishwa na mkopo wa benki. Kama ipo, msibandue kitu kabla ya kupiga picha kila chumba, kila samani, na kutoa taarifa kwa kampuni ya bima. Wataomba ripoti ya Zimamoto na ya polisi. Mnaruhusiwa kuzuia uharibifu usizidi, yaani kutoa maji na kufunika paa kwa turubai. Tunzeni risiti.

Wengine ambao hamjaungua, someni mkataba wenu leo. Kama nyumba ya milioni 80 mmeikatia bima ya milioni 40, hasara ya milioni 10 mtalipwa 5, kwa sababu mmeilinda nusu. Na moto kuandikwa haimaanishi mafuriko yameandikwa.

Mama Neema wa Tabata

Bima ipo kupitia mkopo wa mume wangu, tulikuwa hatujaifikiria. Tunapiga picha kesho asubuhi, kisha jipsamu inashuka na lipu ya chumba kile inatoka. Kuta tunaacha wazi, vipimo vya nailoni nitafanya mwenyewe. Wifi amesema tukae mpaka kiangazi kikolee. Dari nimeamua jipsamu, na fundi umeme atakuwa wa leseni.

Limebaki moja. Hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vya shule vilikuwa kwenye bahasha kabatini, vimelowa na vimeshikana. Niviweke juani?

Mtunza Nyaraka

Usiviweke juani, na usivitenganishe kwa nguvu, wino na karatasi vitachanika pamoja. Kama huwezi kuvishughulikia leo, viweke ndani ya mfuko wa nailoni kwenye friza ya jirani. Baridi inazuia fangasi, unapata muda. Ukiwa tayari, toa kimoja kimoja, kilaze juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi inayofyonza maji, weka nyingine juu yake, badilisha zikilowa. Kivulini, penye upepo wa feni usiopuliza moja kwa moja. Picha za familia suuza kwa maji safi ya baridi na uzitundike kwa pembe, zisigusane. Vilivyopigwa laminesheni kata ukingo, maji yameingia katikati.

Cheti kisichosomeka, anza na RITA kwa cha kuzaliwa na NECTA kwa cha shule. Kwa hati nendeni ofisi ya ardhi mkiwa na ripoti ya Zimamoto mkononi.