Fimbo ya pool ya kutengenezewa kwa mkono: bei ya haki ni ipi?

Mpigakona:
Wakuu, habari za majukumu. Fundi mmoja anayekereza fimbo za pool kwa oda ameniambia kuwa fimbo yenye mpini wa mpingo, njumu nne (vipande vya mapambo vyenye ncha vinavyopachikwa ndani ya mbao) na uzi wa kitani mahali pa kushikia itanigharimu mara 5 ya bei ya fimbo nzuri ya kiwandani, tena nitaisubiri miezi minane. Sipingi kazi ya mikono kulipiwa, ila mpingo unaota hapa hapa kwetu, na sioni kinachopandisha bei hadi huko. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kuipima.

Randa:
Ndugu, sehemu kubwa ya bei hiyo ni muda. Kipande cha mbele hukerezwa kidogo kidogo: fundi hupunguza unene kiasi, hukitundika wiki kadhaa kitulie, kikipinda hukitupa, kisipopinda hukirudisha kwenye mashine, na hurudia hivyo mara nyingi kabla ncha haijafikia milimita 13 hivi. Vile alivyovitupa navyo vimo ndani ya bei yako. Mpingo nao una taabu zake, kwa kuwa ni mzito kiasi cha kuzama majini ilhali fimbo nyingi huwa na gramu 510 hadi 600, kwa hiyo mafundi wengi huutoboa mpini kwa urefu wake na kupachika kiini cha mbao nyepesi. Huko kutoboa tu kunaweza kupasua gogo zima.

Mzee wa Chaki:
Kuhusu muda nakubaliana na Randa, lakini mara 5 ni nyingi kwa fundi ambaye jina lake halijavuka mtaa. Wapo wanaochungulia bei za fimbo za George Balabushka, fundi maarufu wa fimbo wa Brooklyn kule Marekani, aliyeanza kuziuza mwaka 1959 na kufariki mwaka 1975, kisha wakajipangia zao. Fimbo zake hununuliwa kwa maelfu ya dola kwa sababu hazitaongezeka, na nyingi kati yake zilianzia kwenye mipini iliyokwisha kuunganishwa na wengine, ikiwamo ya kampuni ya Brunswick. Hiyo ni bei ya jina na uhaba, nayo ni ya wakusanyaji. Njumu, kwa uzuri wake wote, haziingizi mpira mfukoni. (Mimi mwenyewe nazipenda mno, basi msinishambulie.)

Mwombe akuonyeshe fimbo aliyokwisha kuimaliza. Izungushe polepole chini ya taa uone kama ncha zote za njumu zinafika kimo kimoja, halafu pitisha ukucha kwenye kiungo, pale mpini unapokutana na kipande cha mbele: ukikwama, hiyo si kazi ya mara 5.

Mpigakona:
Nawashukuru sana. Je, nikimwambia aache njumu, bei itashuka kweli?

Randa:
Itashuka, na kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu kila njumu yenye ncha kali huchongwa, hugundishwa na kusawazishwa peke yake. Chukua mpini mtupu wa mpingo, na sehemu ya fedha utakayookoa umlipe akukerezee kipande cha pili cha mbele kinachoingia kwenye kiungo kile kile, maana hicho ndicho kinachopinda na kuchakaa mapema. Uzito na unene wa ncha viandikwe kwenye risiti ya malipo ya awali, nayo yasizidi nusu.