Tupeane uzoefu: mliowahi kuovakloki prosesa (kuisukuma kupita spidi ya kiwandani) Tanga, mashine ilitulia?

Mkwezi wa Sahare (mleta uzi)
Wakuu salaam. Jana kijana kaniletea mashine hapa Sahare, i5-2500K ya mwaka 2011, anataka "ipigwe mpaka 4.5". Nikakumbuka mbali. Chipu ile ilitoka kiwandani na gigahezi 3.3, ikijisukuma yenyewe inafika 3.7. Ukiwa na mazabodi ya P67 au Z68 unapandisha kizidishi tu (namba inayozidishwa na saa ya msingi kupata spidi) huku unakunywa chai. Yangu ilikaa 4.4 miaka mingi, ila si mwezi wa kwanza. Kaskazi ikishika, chumba kinafika nyuzi 32 saa nane mchana na feni ya dari inazungusha joto lile lile. Kwenye bayosi (mipangilio ya mazabodi) nilikuwa na profaili mbili, ya kaskazi na ya kusi, na sitanii. Nyie wenzangu mlifanyaje? Wenye AC mpite pembeni kwanza.

Nazi Mbata
Profaili ya kaskazi 😂😂 Lakini ukweli mtupu.

Babu Q6600
Nyie ni watoto wa kizidishi. Q6600 kizidishi chake kiliishia 9, kwenda juu hakuna. Tulipandisha basi (bus, njia ya data ya prosesa), megahezi 266 mpaka 333, mara 9 unapata 3.0 kutoka 2.4. Na basi likipanda, ramu inapanda nalo, kwa hiyo kwanza unashusha uwiano wa ramu. Asiyejua hilo alikaa na skrini nyeusi mpaka angoe ile betri ya CR2032 ya mazabodi ili mipangilio ijifute. Yangu ilikuwa seva ya kafe ya intaneti Ngamiani, mchana kutwa inafanya kazi, na spidi haikuiangusha hata siku moja. Iliharibika nilipoihamishia nyumbani Raskazone, dirisha linatazama bahari. Hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ikaota unga mweupe, skrubu zikashika kutu, nafasi moja ya ramu ikafa. Kabla hamjazungumza volti, zungumzeni chumvi.

Kijana wa Duga
Wakuu mimi nina i5-3470 na mazabodi ya H61, naweza kufika 4.5?

Lushoto Baridi
Mimi 4.8 bila wasiwasi, mwezi wa saba ndani nyuzi 14. Karibuni mjionee.

Nazi Mbata
Lushoto si Tanga, yakhe. Mleta uzi kasema Tanga.

Lushoto Baridi
Mkoa gani huo mwingine? Tunalipa kodi wapi sisi?

Nazi Mbata
Tunazungumzia jasho hapa. Wewe unavaa koti.

Studio Barabara ya 12
Uzi huu umenitonesha kidonda. Nina studio ya video za harusi. Mashine ilikuwa 4790K, ramu gigi 16 za spidi 1600, imetulia vile vile ilivyonunuliwa. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, akaja likizo kutoka Dar. Mimi nikaenda Pangani kwenye shughuli, yeye akabaki dukani. Narudi nakuta anachekelea: "Shem, nimekufungulia mashine." Koa (viini vya prosesa) zote nne 4.7, volti 1.35, na ramu kazitoa 1600 kazipeleka 1866. Nikamuuliza, umeijaribu? Akasema kacheza gemu la mpira usiku kucha haijagoma. Nikampa hela ya soda.

Wiki ile nilikuwa na harusi kubwa Makorora. Singo, nikaha, kutoa bibi harusi nje, kutunza, vyote nimo. Nikamimina kadi zote kwenye diski, folda zikafunguka vizuri, nikazifuta kadi maana kesho yake nina maulidi Mabokweni. Naanza kurenda (kutoa video ya mwisho): asilimia thelathini, mashine inazima. Nawasha tena, inavuka nusu, skrini ya bluu. Gemu lile lilikuwa linaigusa prosesa kidogo tu, lakini kurenda kunazikamua koa zote pamoja, na zile amri za AVX (za hesabu nzito) zinaongeza moto juu yake. Nyuzi zilikuwa 98, 99, ikigonga 100 inajipunguza spidi yenyewe. Nikarudisha prosesa kwenye hali ya kiwandani, ikarenda mpaka mwisho. Nikasema alhamdulillahi, yamekwisha. Ramu hakuna aliyezigusa.

Siku ya kukabidhi wakataka tuitazame pamoja, projekta ukutani, majirani wote ndani, mama wa bibi harusi na leso mpya. Nikaha iko safi. Tunafika pale mama anapomtunza binti yake, picha inavunjika vipande vya kijani na zambarau, sauti inakwaruza, kisha inarukia watu wanakula biriani. Nikakimbilia dukani kwenye faili ghafi: mbovu sehemu ile ile. Ramu zilikuwa zinakosea tangu siku ya kumimina. Kila kitu kikitoka kwenye kadi kinapita kwenye ramu ndipo kiandikwe kwenye diski, na Windows haikusema neno. Usiku ule nikawasha MemTest86 (programu ya kupima ramu), mistari myekundu ikajaa kabla ya duru ya kwanza kuisha. Na kwenye kadi zenyewe tayari kuna maulidi.

Mama yule wala hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba, na mimi niko wapi?"

Binti Muheza
Uwiii. Halafu?

Nazi Mbata
Shemeji yuko wapi sasa hivi? Jibu hilo kwanza.

Fundi wa Chumbageni
Poleni. Tuliangalie kwa hesabu: umeme unaoliwa na prosesa unafuata spidi mara volti mara volti tena. Tuseme ilikuwa 4.4 kwa volti 1.20, ikapelekwa 4.7 kwa 1.35. Spidi imeongezeka asilimia 7, umeme na joto vimeongezeka karibu asilimia 35. Ndiyo maana nasema tafuta kwanza volti ndogo inayobeba spidi yako, ndipo upandishe. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: prosesa peke yake, ramu zikiwa za kiwandani. Ikitulia, ndipo uguse ramu, na uipe MemTest86 usiku mzima. Kisha Prime95, programu ya kuikamua prosesa. Gemu si kipimo, ni sawa na kuisifu ngalawa ikiwa bado imefungwa ufukweni.

Mkwezi wa Sahare
Prime95 kwa kile kipimo chake cha "small FFT", kwa hizi chipu za Haswell (kizazi cha 4790K), mimi siiwashi. Inapasha kuliko kazi yoyote utakayofanya maishani. Nairenda video yangu mwenyewe saa kadhaa, basi.

Fundi wa Chumbageni
Basi usiite mashine imetulia. Sema haijakupata bado.

Mkwezi wa Sahare
Miaka yote hiyo haijanipata, wewe endelea kuzichoma za wateja.

Fundi wa Chumbageni
Mteja gani kakwambia nimemchomea? Mtaje.

Binti Muheza
Jamani, mama wa bibi harusi ikawaje???

Upepo wa Kusi
Wote wawili mna zenu. Mimi nina Ryzen 5600X, nikaishusha volti kwa Curve Optimizer (mpangilio wa kushusha volti ya kila koa) hasi 30 koa zote. Ikapita Prime95, ikapita Cinebench, kila kitu. Ajabu ikawa inajiwasha upya usiku haina kazi yoyote, ipo kwenye desktopu tu. Nikafungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), nikakuta WHEA-Logger (makosa ya vifaa) imejaa na namba ya koa ni ile ile moja. Hiyo moja nikairudisha hasi 12, kimya mpaka leo. Kwenye mzigo mzito spidi inashuka, volti inatosha. Ikiwa na kazi nyepesi koa moja inaruka juu kabisa na volti haitoshi. Kwa hiyo hata Prime95 ya Fundi haioni kila kitu.

Babu Q6600
Siku hizi kiwanda chenyewe kinaovakloki kabla hujafungua boksi. Hamkuona 2024, Intel kizazi cha 13 na 14 zinagoma na mwenyewe hajagusa kitu? Volti ilikuwa inapanda kupita kiasi, Agosti ikatoka maikrokodi 0x129 (sasisho la ndani la prosesa) na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Mwenye hizo asasishe bayosi leo, asisubiri kesho.

Kijana wa Duga
Na i5-3470 je?

Fundi wa Chumbageni
Haina K mwishoni mwa jina (K ndiyo yenye kizidishi kilichofunguliwa), na H61 hairuhusu. Hata ukisukuma ile saa ya msingi ya megahezi 100 utapata tatu au nne za ziada, kisha diski inaanza kuchanganyikiwa maana inatumia saa hiyo hiyo.

Jirani wa Mikanjuni
Hamjagusa umeme. Kwetu saa moja jioni, watu wote wakiwasha pasi na majiko, taa zinafifia. Pawa saplai yangu ya zamani ile yenye swichi nyekundu ya 115/230 ilikuwa inazima hapo hapo nikiwa 4.5, mimi nalaumu volti za prosesa. Nikanunua yenye PFC, inayokubali volti 100 mpaka 240 yenyewe, tatizo likaisha na bayosi sikuigusa. Na ukiona imeandikwa wati 600 lakini unainua kwa kidole kimoja, rudisha.

Lushoto Baridi
Stabilaiza inatosha.

Jirani wa Mikanjuni
Stabilaiza ya duka gani? Yangu ilikuwa inabofya tak tak, na kila ikibofya mashine inajiwasha upya.

Nazi Mbata
Mimi nimefungua ubavu wa keisi, nimeweka feni ya mezani. Nyuzi 8 zimeshuka. Msinihubirie.

Babu Q6600
Na mijusi je?

Nazi Mbata
Mmoja alishatangulia, mbele ya haki.

Studio Barabara ya 12
Nimerudi, nilikuwa kwenye kazi. Binti Muheza, kuna mpwa wao alirekodi kwa simu akiwa amesimama juu ya kiti, nikaunganisha kile kipande. Kinatikisika lakini mama anaonekana. Walilipa nusu, nusu nyingine sikuidai. Shemeji yupo, mwezi ujao anaoa, na video anataka nirekodi mimi. Bure.

Binti Muheza
😂😂😂 Mrekodi kwa simu.

Kijana wa Duga
Kwa hiyo 3470 ndiyo basi?

Fundi wa Chumbageni
Weka SSD, ongeza ramu ifike gigi 8, badilisha pesti iliyokauka juu ya prosesa.

Kijana wa Duga
Vyote ninavyo.

Jirani wa Mikanjuni
Njoo inbox, nina mtu Kange anauza 3770K na Z77 yake. Ila kagua pini za soketi kabla hujatoa hela.