Mbegu zilizobaki kopo zima, mwaka wa tatu huu: nani kazipanda na zikaota? Tupeane uzoefu

MamaUani (Morogoro)
Habari za jioni wakuu. Vuli inakaribia na nimetoa kopo langu la mbegu. Humo mna nyanya, sukuma wiki, bamia, karoti, vitunguu, giligilani, zinia na marigodi, pakiti zote zimefunguliwa na kukunjwa mdomo. Nyingine tarehe yake imepita zamani.

Wenye bustani za uani mtanielewa. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina punje kama 300. Mimi nina matuta manne na ndoo kadhaa barazani, hizo miche 300 nitaipeleka wapi? Napanda kidogo, nyingine inalala. Msimu ukirudi navutiwa na pakiti mpya yenye picha nzuri, na kopo linazidi kujaa.

Ninachoomba ni uzoefu wa mtu aliyepanda mwenyewe. Ulizihifadhi wapi, zilikaa muda gani, zikatoka au zilioza? La "tupa, nunua mpya" nalijua, asante.

Binti Pwani (Tanga mjini)
Dada, mimi nina jambo la kukueleza kuhusu mahali pa kuhifadhi. Mdogo wangu ameolewa Lushoto. Tulinunua pakiti moja ya sukuma wiki tukagawana nusu kwa nusu, mbegu zile zile za tarehe ile ile. Yangu niliifunga kwenye nailoni nikaiweka kabatini jikoni, karibu na jiko la mkaa. Yeye aliweka yake kwenye chupa ya kioo, chumba cha nyuma kisichopata jua.

Mwaka wa pili tulisia karibu wiki ile ile. Kitaluni kwangu zilichomoza moja hapa, moja kule, nyingine baada ya siku nyingi, mpaka nikadhani ni magugu. Kule Lushoto zilitoka zote kwa pamoja, akanitumia picha ya kunitia wivu. Na bado anazo, anazipanda hadi leo.

Huku kwetu chumvi ya mezani inalowana yenyewe, sembuse mbegu. Siku hizi nikisikia mtu anauliza "mbegu ya miaka mitatu itaota?" namuuliza kwanza anaishi wapi.

Bwana Shamba Mstaafu (Njombe)
Binti Pwani amegusa penyewe. Mbegu ni kiumbe hai kinachopumua polepole. Ikipata joto na unyevu inapumua haraka, inamaliza akiba yake na kufa ndani ya ganda bila wewe kuona badiliko lolote kwa macho. Mtaalamu wa Marekani, James Harrington, aliacha kanuni rahisi: kila ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake yanaongezeka takriban mara mbili, na kila ukishusha joto kwa nyuzi 5 za Selsiasi, vivyo hivyo. Ina mipaka yake, lakini kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Ndiyo maana benki ya mbegu ya Kenya pale Muguga huzikausha kwanza, kisha huziweka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Sasa kopo lako, mama. Vitunguu ndivyo vinavyokufa mapema kuliko vyote humo. Mwaka mmoja, miwili ukibahatika, kwa hiyo usivipotezee tuta. Bamia, karoti na hoho zinafuata, miaka miwili mitatu. Nyanya, sukuma, kabichi na bilinganya hufika minne mitano zikiwa mahali pakavu. Matango, maboga na matikiti nayo ni mavumilivu. Hii ni kwa kabati la kawaida sehemu za baridi. Pwani kata nusu.

Kabla ya kuchafua mikono, jaribu. Chukua punje 10, zipange juu ya tishu au kitambaa chenye unyevu kisichodondosha maji, kunja, tia kwenye mfuko wa nailoni, weka mahali pa vuguvugu ndani ya nyumba. Sukuma utaijua ndani ya wiki, nyanya siku chache zaidi, karoti na giligilani wiki mbili hata tatu. Zikiota 8 panda kama kawaida. Zikiota 5, weka mbili kila shimo. Zikiota 2, hapo ni uamuzi wako na huruma yako.

Jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi: maharage na kunde za zamani usiziloweke usiku kucha kwenye maji. Punje iliyozeeka ikinywa maji kwa pupa inapasuka ndani na kuoza. Iache inyonye taratibu kwenye kitambaa chenye unyevu, ikianza kutoa mzizi uipande.

Shamba la Kibarazani (Nakuru)
Sasa wadau. Mimi nilikuwa na vijipakiti vya mboga za kienyeji: managu (mnavu), saget (mgagani), terere (mchicha), kunde, na dhania (giligilani) juu. Kupima kila moja kwa tishu niliona ni kazi ya bure, mbegu zenyewe ni ndogo kama vumbi. Nikazichanganya zote na mchanga mkavu kwa beseni, mvua ilipoanza nikazimwaga kwa kitanda kimoja, nikafunika kidogo na mboji iliyochekechwa.

Terere ilitoka kwa fujo. Managu ilichelewa lakini ikaja. Saget karibu nikate tamaa, halafu ikajitokeza ile nyingine ikishavunwa. Dhania haikuja kabisa. Tulikuwa tunang'oa miche michanga tunapika hivyo hivyo, na kwa kung'oa tukawa tunaipa nafasi ile inayobaki. Kwa kweli sikuwahi kupata kitanda kinachozaa mfululizo hivyo kwa kupanda kwa mistari.

Ya maua nilimwaga kando ya ua wa seng'enge: zinia, kosmosi, alizeti, marigodi. Zinia zimekaa miaka mingi na bado zilitoa rangi zote. Marigodi chache tu. Hizo chache nilizihamishia katikati ya nyanya, kwa sababu mizizi yake hupunguza minyoo fundo ardhini, ile midogo inayovimbisha mizizi ya mimea.

Tikiti Biashara (Mkuranga)
Nitapinga kidogo, msinichukie. Kwa uani, sawa, mchezo mzuri. Kwa anayelima ekari moja ya tikiti au hoho kwa ajili ya soko, mbegu ya zamani ni hasara iliyojificha. Bei ya mbegu si kitu ukilinganisha na dizeli ya pampu, vibarua na soko ulilolilenga. Mbegu iliyochoka hata ikiota, mche wake unatoka mnyonge, kama mgonjwa aliyeruhusiwa jana, na hautoki siku moja na wenzake. Shamba linakuwa na mimea ya umri tofauti, dawa unapiga mara mbili, mavuno yanakuja vipande vipande. Mimi zilizobaki nawapa akina mama majirani, wao zinawafaa.

Bwana Shamba Mstaafu (Njombe)
Yuko sahihi kabisa. Niongeze kwamba mche mnyonge ndio kinyaushi kinaoupenda, ule ugonjwa unaolegeza shina usawa wa udongo mche ukalala. Mbegu ya zamani isie kwenye udongo usiotuamisha maji, mwagilia asubuhi, na usiifukie kina kirefu, haina nguvu ya kupanda juu.

Jogoo la Shamba (Singida)
Swali la haraka. Nina mahindi na mbegu za alizeti zilizobaki msimu wa juzi, zina rangi ya waridi. Naweza kuwapa kuku?

MamaUani (Morogoro)
Hapana ndugu yangu! Rangi hiyo ni alama ya dawa ya kuua ukungu au wadudu. Kuku wasile, na wakishazila wewe usile nyama wala mayai yao. Panda, au zifukie mbali na kisima. Na mikono unawe.

Msomaji wa Usiku (Dodoma)
Kwa wanaokata tamaa: mwaka 2005 huko Israeli waliotesha kokwa ya mtende iliyofukuliwa Masada, umri wake kama miaka 2,000, wakaupa mti jina la Methuselah. Na Marekani, Profesa William Beal alifukia chupa 20 za mbegu mwaka 1879. Ile iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota.

Binti Pwani (Tanga mjini)
Ya Masada ni jangwa, mkuu. Wangeifukia Tanga tusingesikia habari zake 😄

Mwalimu wa Bustani (Mbeya)
Njia yangu ni tofauti. Kunde, fiwi, choroko na maharage ya zamani siyatafutii mavuno. Tuta likipumzika nayasia humo kwa wingi, kinachoota kiote. Yakikaribia kutoa maua nayafyeka na kuyachanganya na udongo. Pakiti zimeisha, tuta limepata rutuba.

Kwa zitakazobaki mwaka huu: chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Vile vifuko vinavyokuja kwenye boksi la viatu vinasaidia kama havijakaa wazi muda mrefu, maana vikishanyonya unyevu vimejaa. Vinginevyo kaanga mchele bila mafuta mpaka ukauke sana, uache upoe kabisa, tia robo ya chupa, na pakiti za mbegu juu yake. Ukiweka kwenye friji, siku ya kupanda itoe chupa mapema na usiifungue mpaka ubaridi uishe, la sivyo mvuke wa hewa utageuka maji ndani na kuzilowesha.

MamaUani (Morogoro)
Nimerudi na majibu ya tishu. Nyanya 7 kati ya 10. Sukuma 9, sikutegemea. Bamia 4, nitaweka tatu kila shimo. Karoti 3, nitazimwaga zote mstari mmoja mzito. Vitunguu sifuri, bwana shamba hakukosea. Zinia nimezitupa kando ya ukuta moja kwa moja.

Kuna pilipili mbuzi nilizikausha mwenyewe, sijui miaka mingapi. Siku kumi zimepita, kimya. Nitupe?

Binti Pwani (Tanga mjini)
Usitupe. Pilipili mbuzi hata ikiwa mpya inaweza kukaa wiki tatu. Ihamishie mahali penye joto, juu ya friji panafaa, tishu isikauke. Zikifika wiki nne hakuna kitu, njoo inbox, huku ninazo mpya nyingi.