Mafundi wa gata Tanga, hivi silikoni mnadhani ni dawa ya kila kitu???

Wakuu niko Chumbageni hapa, nimevumilia masika yote ila leo naongea.

Gata zangu, yaani ile mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye paa, ni za bati, zilikuwa zinavuja kwenye maungio, maji badala ya kwenda kwenye simtanki yanamwagika ukutani, rangi inabanduka, na chini msingi unachimbika taratibu. Nikaita fundi. Kaja mikono mitupu, ngazi kaazima kwa jirani yangu, kachungulia kidogo akasema "bosi hapa ni silikoni tu, nipe na advansi kabisa".

Haya, kapaka. Kapaka kwa NJE, chini ya gata, juu ya vumbi na kutu na masilikoni ya zamani, na bati lenyewe bado lina unyevunyevu. Sasa jamani maji yako ndani we unapaka nje unaziba nini? Unatakiwa ukwangue mpaka bati lionekane, likauke, ndo upake kwa ndani, hiyo hata mimi nisiye fundi naijua. Halafu kaniletea ile silikoni ya bei chee inayonuka siki, ile ina asidi, ni ya kwenye vioo, ukiiweka kwenye bati la zinki inaanza kuila ile zinki. Na sisi huku upepo wa chumvi ushatumalizia mabati, hatukuomba msaidizi.

Ila hata silikoni ningemsamehe. Kilichonichosha ni mlalo. Gata inalalia upande usio na bomba! Maji yanakusanyika kwenye kona yanatuama na majani ya mwembe, mbu wanazaliana, yakijaa yanafurika mbele ya mlango. Gata inataka kushuka kidogo tu kuelekea kwenye bomba, milimita 6 hivi kwa kila mita 3, unavuta uzi, unaweka pima maji (kile kifaa cha kupimia mlalo), umemaliza. Yeye kapima kwa jicho. Na kile kipande alichokifungua kakirudisha kinyume, cha upande yanakotoka maji kakiweka chini ya mwenzake, kwa hiyo maji yakishuka yanaingia moja kwa moja kwenye mshono. Hapo hata upake ndoo nzima ya silikoni itavuja tu.

Nampigia, ati "bosi mvua ya mwaka huu imezidi". Mvua?? Masika Tanga si ndo kila mwaka Machi mpaka Mei, au kahamia jana? Halafu bila aibu anataka hela nyingine "ya kuongezea silikoni". Nikakata simu maana ningetukana na mama mkwe yuko sebuleni.

Na mjue ni maji mengi yanapotea hivi hivi. Paa la mita za mraba 100 likipigwa mvua ya milimita 20 tu hizo ni lita 2000, simtanki kubwa inajaa usiku mmoja, mi huku nalipia maji ya bomba kwa uniti kama sina paa.

Sasa mwenye kumjua fundi wa kweli, awe Ngamiani, Makorora, hata Pongwe huko nitamlipia bodaboda, anicheki pembeni. Aje na uzi, pima maji na mashine ya ribiti ya kuungia bati, na afike kabla vuli haijaanza. Silikoni nitanunua mwenyewe.