Mjadala: Je, daktari wa kesho anahitaji kuishika molekuli mkononi?

Mwalimu wa Biokemia: Wapo wanaotaka modeli za plastiki za molekuli ziondolewe katika masomo ya udaktari kwa kuwa kompyuta inatosha. Napinga. Katika selimundu, ugonjwa unaozipa chembe nyekundu za damu umbo la mundu, asidi amino (kijenzi cha protini) ya 6 ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, yaani glutamati, hubadilika kuwa valini. Mwanafunzi huikariri sentensi hiyo usiku mmoja na kuisahau baada ya mtihani. Lakini akishika vipande viwili vya modeli, akaona kinundu cha valini kikijibana katika kishimo cha hemoglobini jirani na kuzigandamanisha, kishimo kinachojitokeza pale oksijeni inapoachiwa, hahitaji tena kuelezwa kwa nini upungufu wa oksijeni humzidishia mgonjwa maumivu.

Mtarajiwa: Shikamoo, Mwalimu. Magonjwa ya kusoma ni mengi na muda ni mchache, nasi si watoto wa chekechea hata tupewe vitu vya kuchezea.

Mwalimu wa Biokemia: Marahaba. Vitu vya kuchezea? Wanasayansi Watson na Crick, walipoiunda modeli ya DNA, molekuli ya urithi, kwa vibati na vyuma mwaka 1953, walikuwa chekechea ya wapi? Na mkemia Pauling, aliyekunja karatasi akiwa mgonjwa kitandani hadi akaipata heliksi ya alfa, yaani msokoto wa mnyororo wa protini, naye alikuwa akicheza?

Mpitanjia: Pauling huyohuyo ndiye aliyetangaza DNA ya nyuzi tatu badala ya mbili, akakosea vibaya. Watson na Crick nao walianza na nyuzi tatu. Modeli hukubali umbo lolote unaloliunda. Kilichowaokoa ni picha za eksirei, na hapo jina la Rosalind Franklin, mwanasayansi aliyesimamia upigaji wa picha hizo, silioni likitajwa.

Mwalimu wa Biokemia: Sikumtaja kwa sababu nilikuwa najibu habari ya chekechea, wala sijasema modeli ilitosha peke yake.

Mtarajiwa: Basi plastiki nayo imesimama tu, ilhali hemoglobini yenyewe hubadilika umbo. Skrini hunionyesha mwendo huo.

Mwalimu wa Biokemia: Hoja hiyo ina uzito kuliko ile ya kwanza, nami nakiri kwamba modeli nyingi hazisogei. Hata hivyo, ikitengenezwa kwa vipande vinavyozunguka, mwanafunzi huigeuza nusu moja kwa takriban digrii 15 dhidi ya nyingine, akauhisi mwendo ambao kwenye skrini hupita kama filamu.

Mtarajiwa: Mpaka nimalize kuzungusha digrii hizo 15, mwenzangu amekwisha kusoma sura mbili.

Mpitanjia: Na Franklin bado mmemruka.