Tairi bado zina kashata (meno) lakini ni za 2014, nisafiri nazo hadi Mbeya?

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Mwisho wa mwezi huu wa Desemba tunatoka Dar kwenda Mbeya na familia kwa Toyota Noah, watu saba na mizigo. Tairi ni zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani, 195/65R15. Kashata imesimama vizuri, ila ubavuni kuna mipasuko myembamba, na alama ya DOT inaishia na 3414. Fundi anasema tairi yenye kashata haina neno. Mume wangu anataka tubadilishe mbili kwanza, nyingine Januari. Mimi moyo haujatulia, humo ndani nina watoto. Mnanishaurije? Na upepo nijaze ngapi?

Dereva wa masafa
Dada yangu, usiende nazo. 3414 maana yake zilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Jua na hewa vinaukausha mpaka unachanika. Watengenezaji wengi wakubwa wanataka tairi iondolewe ikifika miaka 10, iwe na kashata isiwe nayo. Na hiyo mipasuko iko mahali pabaya, maana ubavu ndio unaojikunja kila gurudumu likizunguka. Gari limejaa, jua la mchana, mwendo wa kilomita 100 kwa saa: joto linapanda, tairi inafumuka. Ikitokea (Mungu apishe mbali), usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani sawasawa, achia mafuta taratibu, gari lipungue lenyewe ndipo utoke pembeni.

Fundi tairi
Upepo soma kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, kiwango cha gari likiwa na mzigo kama kimeandikwa. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi yenyewe, usiifuate. Pima asubuhi kabla hujatembea. Ukipima Chalinze tairi zikiwa za moto zitasoma juu, hiyo ni kawaida, usitoe upepo.

Hapa wengi wanapotea: wanapunguza upepo kabla ya safari ndefu eti tairi isipasuke kwa joto. Ni kinyume kabisa! Tairi yenye upepo mdogo inajikunja zaidi, inachemka zaidi, na ndiyo inayopasuka. Pima kila mwezi na kila unapotaka kusafiri, spea ikiwemo.

Mkazi wa Iringa
Kuhusu mbili kwanza: ukifunga mbili mpya bado unatembelea mbili za 2014. Afadhali msogeze safari au mpande basi.

Mdau
Mbili zinatosha, azifunge mbele kwenye usukani. Wote tunafanya hivyo.

Mkazi wa Iringa
Hapana ndugu. Hata tairi za nyuma zingekuwa nzima, mpya zinafungwa nyuma. Mbele ikiteleza, ukipunguza mwendo gari linarudi. Nyuma ikiteleza kwenye kona za Kitonga unashuka na mvua, gari linageuka kabla hujafanya lolote. Na Desemba huku mvua zimeshaanza.

Fundi tairi
Dada, ukienda kununua, soma DOT mwenyewe kabla hazijafungwa. Za mtumba zinaweza kuwa na umri kuliko hizo zako. Angalia pia namba inayofuata baada ya ukubwa. 91 ina maana tairi moja inabeba kilo 615. Usikubali chini ya ile iliyokuja na gari.

Mleta mada
Asanteni sana, mume wangu amesoma yote. Tunanunua nne, safari tumeisogeza mpaka Januari. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) nayo ni lazima?

Fundi tairi
Fanya, pamoja na balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu). Kabla hawajatupa za zamani, pitisha kiganja upande wa ndani. Kama zimelika ndani kuliko nje, mwambie fundi akague na bushi (mipira ya maungio ya miguu ya gari), la sivyo hizo mpya zitalika vilevile. Na ukishatembea kidogo, rudia kukaza nati.