Naomba ushauri, kanisa jipya wataka nibatizwe tena

Habarini wapendwa, mie natoka Kisauni, Mombasa, kwetu ni Waanglikana tangu zama za bibi wa bibi yangu, wale waliokombolewa utumwani wakawekwa Freretown na wamishenari Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875, kwa hivyo kanisa kwetu si mambo ya Jumapili tu, ndio ukoo wenyewe. Sasa nilipohamia Likoni kwa sababu ya kazi nikaanza kusali na kanisa moja la kilokole karibu na nyumbani, na kusema kweli wamenipokea vizuri mno, nikiumwa wanakuja, chama cha akina mama nimo, lakini kuimba kwaya na kushiriki meza ya Bwana wanambia mpaka nibatizwe kwa maji mengi, ati ule wa utotoni hauhesabiki. Na mie nilipata kipaimara kabisa, yaani kuthibitisha ule ubatizo wangu, mbele ya askofu!

Mamangu kusikia kachemka, asema Imani ya Nikea, lile ungamo la kale tunalokiri kanisani, yataja ubatizo mmoja, nikienda kuzamishwa baharini ni kama nawakana wazee. Mchungaji naye ashika Matendo ya Mitume 8 kwenye Biblia, yule towashi aliamini kwanza ndio akashuka majini. Wote wana hoja, ndio tabu.

Kurudi Kisauni kila Jumapili na ile foleni ya feri sitaweza jamani. Aliyepitia haya alifanyaje? Na yawezekana kukaa mwanachama bila kubatizwa upya, ama nitabaki mgeni tu milele? Matusi ya madhehebu tafadhali msilete.